Siku Niliyomwambia Mama wa Klara Kwamba Mwanawe Amenenepa

Magurudumu ya begi la mgeni yakigonga ngazi za mawe, ko-ko-ko, mpaka mlangoni: huo mlio wa siku yangu ya kwanza kazini sijausahau. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa kujikongoja, nikapata kazi ya usafi wa vyumba kwenye hosteli moja Kirumba, wanakofikia vijana wa Ulaya wanaokuja kujitolea.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, enzi zetu chumba kilikuwa na utaratibu. Shuka unaikunja pembe kama bahasha; chandarua unakipiga fundo juu ya kitanda, mbu asijifiche humo. Mama Msimamizi alipitisha kidole dirishani kutafuta vumbi.

“Mgeni akilia,” alituambia, “wewe hujasikia.”

Hapo ndipo nilipomkosea Mama Msimamizi. Klara, binti wa Kijerumani aliyekaa mwaka mzima mpaka Kiswahili kikamkaa, alilia kila Jumapili. Alikuwa amegombana na mama yake, akaondoka kwao bila kuaga. Sasa kibali chake kilikuwa kinakwisha, na alipanga kwenda nchi nyingine, yoyote, ila si nyumbani.

“Kwani kwenu kuna nini?” nilimuuliza huku natandika.

“Dada, kuna mama.”

“Si umpigie!”

Akapiga simu ya video. Mama yake akatokea. Mimi nikaingiza kichwa mbele ya simu: “Shikamoo mama! Usiwe na wasiwasi, mtoto amenenepa kweli kweli! Mwambie, Klara!”

Klara akanikodolea macho. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao hilo ni tusi. Lakini alitafsiri. Mama akaangua kicheko, kisha akalia, akasema kitu.

“Anasema nirudi,” Klara akanong'ona.

Siku hizi nimeacha kazi, nauza chapati Buswelu, na bado naota kuiona theluji. Watu huniuliza wale vijana wanatafuta nini huku. Mmoja kamaliza shule hajui ashike lipi, mwingine kodi ya chumba imemchosha, mwingine kaachwa na mpenzi. Wakirudi, hawajashindwa. Hata sisi Desemba tunarudi kijijini mikono mitupu, na tunapokewa.

Klara alipoondoka, Mama Msimamizi alitaka chumba kiwe tayari saa sita mchana. Lakini bibi yangu alitukataza kufagia msafiri akiwa bado njiani, asije akakosa kufika. Nikadanganya kwamba sakafu haijakauka, nikafunga mlango, ufunguo mfukoni.

Kesho yake ikaingia picha kwenye simu yangu: Klara kakumbatiwa na mama yake. Nikafungua chumba peke yangu, nikafagia.