Anayesoma Kuanzia Mkiani

Fundi viatu wa mtaani kwetu husoma gazeti kuanzia mkiani. Akiletewa makala ya vita, hufuta gundi vidoleni, kisha hupitisha ncha ya sindano chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo yanayoeleza mwandishi ni nani na analipwa na nani. "Mshauri wa wauza vifaru huyu," hucheka, "ndiyo maana anatuambia vifaru havitoshi!" Hapo ukurasa hukunjwakunjwa na kushindiliwa ndani ya kiatu cha mteja, kisipoteze umbo. Mwandishi mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kushindiliwa kiatuni. Yeye na fundi waliketi dawati moja shuleni, na makala zake za miaka tisa fundi amezihifadhi kwenye jalada, safi kama vyeti. "Huyu hatumwi na mtu," hutuambia, nasi tulimwamini kichwakichwa.

Juzi nilifuata viatu vyangu, nikamkuta anasoma makala mpya ya rafiki yake, ya kusifu bajeti ya makombora, na ameanzia juu. Kwa mazoea aliyonifundisha mwenyewe, nikatupa jicho chini. "Mzee," nikasema, "hebu soma mkiani." Sindano ikashuka, ikasimama: mjumbe wa bodi ya kiwanda cha makombora. Akalivuta jalada, akarudi nyuma makala moja baada ya nyingine hadi ile ya kwanza kabisa. Maneno yaleyale yalikuwepo tangu mwanzo. "Miaka tisa!" akasema. "Na mwenye macho haambiwi tazama." Akaikunja ile ya kwanza, taratibu, akaishindilia ndani ya kiatu changu cha kushoto. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Nipe na cha kulia."