Semeni na Fomu ya Mwalimu Nurjehan

Semeni binti Kondo wa Mohoro alijifunza kuogelea chali kwa sababu ya mbegu. Mto ukifurika, yeye na baba yake walivuka kwenda shamba la mpunga, na mbegu hazikutakiwa kulowa. Alijifunga furushi kifuani, akalala chali, akapiga maji.

Mwaka 1991 Nurjehan, mwalimu wa kuogelea wa Dar es Salaam, alikuja kuwasalimu ndugu zake wenye duka pale Mohoro, akamwona Semeni akivuka. Akaomba aende naye mjini akamfundishe.

"Anataka nini kwetu?" Semeni alimuuliza baba yake.

"Hajasema," alijibu Mzee Kondo. "Na asiyesema ndiye wa kuangaliwa."

Semeni alikwenda, nauli ya kurudia ameishona kwenye pindo la kanga. Baada ya miaka miwili akawa bingwa wa taifa wa mita mia chali. Wapinzani walinong'ona kuwa ana dawa ya mamba, waamuzi wakamkagua mpaka kwenye nywele. Semeni hakuwalaumu, hata yeye angekagua.

Siku zile kwao Mohoro, kwenye delta ya mto, kulijaa wageni wenye karatasi, wakitafuta ardhi ya mabwawa ya kambamiti. Jirani yao Swalehe alitia dole gumba kwenye karatasi yao, akaamka hana shamba. Kwa hiyo Nurjehan alipoleta fomu ya pasi ya kusafiria, ili waende kwenye mashindano ya Nairobi, Semeni aliona pameandikwa jina la baba na kijiji, akaikunja.

"Kalamu sina, Mwalimu."

"Chukua yangu."

"Mkono pia unaniuma."

Nairobi akaenda Jasmin, aliyekuwa wa pili kwa kasi. Aliporudi alimwonyesha Semeni pasi yake. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Siku tatu Semeni hakugusa maji. Ya nne akabisha hodi kwa mwalimu wake.

"Mbona hukunifukuza?"

"Mimi nilikuwa naogelea chali kama wewe," Nurjehan alisema. "Nilipofika umri wako, nyumbani wakasema basi. Nilitaka nimwone mmoja akiendelea."

Semeni aliamini nusu. Fomu ya mwaka uliofuata aliisomesha kwa watu watatu, kila mmoja peke yake, ndipo akatia sahihi. Nairobi alishika nafasi ya pili, nyuma ya mwenyeji kwa urefu wa kiganja.

Aliogelea mpaka bega lilipogoma, mwaka 1998. Akarudi Mohoro, akaolewa na Muhidini. Harusini Mzee Kondo alimkalisha Nurjehan mkekani karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kumwangalia vizuri.