Sahani Mbili za Vitumbua kwa Majirani wa Dimsamu

Wenzangu tuliocheza rede Kariakoo wakati nyumba zote bado za chini, mnaikumbuka saa ya sahani? Mwezi wa Ramadhani, jua likishaanza kupoa, mchezo ulivunjika ghafla. Kila mtoto alisikia jina lake likiitwa kutoka uani. Kwetu mama yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa anaepua vitumbua, anavipanga kwenye sahani za bati zenye maua mekundu, anafunika kwa kawa.

“Tatu, mwanangu! Hii kwa Bi Salha, hii kwa Mama Eliakimu. Usikimbie, na usinuse!”

Nilinusa zote. Harufu ile ya hiliki mpaka leo ikinipitia nageuza shingo.

Na sahani haikurudi tupu, hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mtaa. Bi Salha, yule Mwarabu wa duka la kona, alirudisha tende. Mama Eliakimu alikuwa Mchaga, mumewe akiuza vitambaa Msimbazi. Kwao nguruwe analiwa, mtaa mzima tulijua, na yeye alijua kwamba tunajua. Basi hakuturudishia hata siku moja kitu alichokipika. Aliweka ndizi mbivu, au mayai mabichi ya kuku wake, akaniambia, “Mwambie mama, vina maganda yake.” Yakaisha. Mama alicheka, tukala, roho nyeupe.

Sasa njooni mtaani kwangu leo. Maghorofa yamenizunguka, nyumba yangu imebaki kama jino moja mdomoni. Kushoto mgahawa wa Wachina, kulia mgahawa wa Wachina, na yote miwili inauza dimsamu, vile vitonge vya unga vinavyofungwa na vitu ndani kama sambusa, ila vinaiva kwa mvuke kwenye vikapu vya mianzi. Wajukuu zangu wanabishana kutwa. “Wa kushoto unga wake laini!” “Wa kulia ndio wenyewe, we hujui kitu!” Na hakuna hata mmoja aliyeonja! Wameshibia kwenye simu. Sisi tulikuwa tunakula ndipo tunasifu.

Ramadhani hii nikasema, hawa nao ni majirani. Nikapika vitumbua, nikatoa sahani mbili za marehemu mama. Zai, mjukuu wangu mkubwa, akaguna. “Bibi, Wachina watajua mambo ya sahani?”

“Peleka.”

Ya kushoto ilirudi mapema, mikononi mwa kijana wao wa kazi. Imeoshwa, inang’aa, tupu. “Bi mkubwa, bosi anauliza, ni bei gani?” Nikamwambia si vya kuuza. Nilikaa kitako, moyo umeninywea.

Ya kulia ikarudi imejaa dimsamu. Nyeupe, moto, zimefungwa vizuri, huoni kilichomo. Wajukuu wakaacha kelele kwenye mkeka. Zai akaninong’oneza, “Bibi, kama ni kitimoto? Kama ni nguruwe?”

Adhana ilikuwa karibu. Nikimwaga, nimemtukana jirani. Nikila, nitamjibu nini Mungu? Nikificha, hawa watoto wananitazama, watajifunza nini kwangu? Nikafunika kwa kawa, nikaenda mwenyewe kwa huyo jirani wa kulia.

Mwenye mgahawa anaitwa Lin, nilimuuliza jina siku aliyohamia. Akaja mbio anafuta mikono. “Shikamoo, mama. Si tamu?”

“Marahaba, mwanangu. Sijala. Niambie, ndani kuna nini?”

Akaitazama kanga yangu, akalitazama kawa. Akaelewa. “Kamba. Mboga. Nguruwe hapana.”

“Na vikapu vya kupikia?”

Hapo angeweza kunidanganya. Aliinamisha kichwa. “Vikapu ni hivyo hivyo, mama. Vya yote.”

Akaichukua sahani, akaingia ndani, sikujua kama amekasirika. Nilisimama pale, nasikia maji yakimwagika, najiambia Tatu, umevunja ujirani kwa mdomo wako. Akatoka. Sahani imejaa machungwa.

“Hii sijapika,” akasema.

Niliyabeba kwa mikono miwili. Nilifika mlangoni na adhana, Zai akanimenyea la kwanza, likanishinda kumeza kwa machozi.

Basi wajukuu bado wanabishana mgahawa upi bora. Mimi sijaonja hata mmoja, lakini jibu ninalo. Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Nasikia jengo la Lin nalo linauzwa. Enzi zetu sahani zilikuwa nyingi, mikono ya watoto haikutosha kuzibeba. Mwaka huu nilituma mbili, ikarudi moja tu ikiwa na kitu ndani. Mwakani sijui kama nitakuwa na wa kumpelekea.