Kati ya Kajjansi na Entebbe

Mimi ni mtu wa ndani. Cherehani yangu iko dirishani, Namuwongo, na ng'ambo ya reli kwangu ni ughaibuni. Nikienda Bugolobi, mtaa wa jirani tu, kununua uzi, nikirudi nalala.

Mama akapiga simu kutoka Bunia, kwetu Kongo: anakuja kwa ndege kunichukua. Mtu asiyetoka nje, alisema, Kampala anakaa kufanya nini? Nikaapa kumwonyesha kwamba mji naujua, nisije nikarudishwa kwetu kama mzigo uliokosa mwenyewe. Nikakusanya akina mama wanne wa kwaya yetu, vitenge sare, na shada la maua ya plastiki, maana kwetu mgeni hapokewi kimya. Tukaenda Entebbe. Ndege si Entebbe? Sisi tuliokuja Uganda kwa miguu na malori, ndege zote tunaziweka pale.

Tuliimba mpaka askari akatuomba tupumzike. Msafiri mmoja, mtu mwenye suti, akapokea shada letu, akashukuru sana, akaondoka nalo.

Ndipo simu ikalia. Mtu wa kiwanja kidogo cha Kajjansi: ndege ya wamisionari imeshatua, mama yako yuko hapa, laini yake ya Kongo haishiki.

"Mwambie niko Entebbe, nakuja!"

Ndege ingeruka kutoka Entebbe na kutua Kajjansi kabla rubani hajamaliza kusalimia abiria. Sisi tulikuwa kwenye gari la kukodi. Kwenye foleni akina mama walimaliza nyimbo zote, wakaanza kunisengenya nikiwa nimekaa katikati yao.

"Lakini huyu aliuliza mama anashukia wapi?"

"Aulize nini? Si ndiye mwenyeji?"

Kufika Kajjansi, yule mtu akanitazama kwa huruma. "Ameondoka. Amesema kama mtoto yuko Entebbe, atamfuata mwenyewe."

Tukageuza gari. Hatujafika mbali, jirani yangu akapiga. "Wee, rudi nyumbani. Mama yako yuko hapa, anasugua masufuria yako." Kumbe alifika Entebbe, hakutuona, akapanda bodaboda isiyojua foleni, akamwambia dereva: Namuwongo, kwenye reli, kanisa la Wakongo. Basi.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti changu cha cherehani.

"Karibu Kampala, Mama."

"Karibu weye, mutoto wangu. Umetoka mbali."

Akina mama wa kwaya walicheka mpaka wakashika ukuta.

Jioni, tukila, nilingoja hukumu. Akasukuma sahani kando.

"Nilikuja kukuchukua. Sasa naogopa. Njiani nitakupoteza, nitawaambia nini watu wa Bunia?"

Hivyo ndivyo nilivyoruhusiwa kubaki. Siku yake ya kuondoka nilivaa viatu mapema, tayari kumsindikiza mpaka Kajjansi. Akanizuia mlangoni.

"Shona tu, mutoto wangu. Mie leo nataka kuikuta ndege."