Ng'ombe wa Kijani wa Lingeka

Simu ilinikuta sokoni Bariadi nimeshika fungu la nyanya: Fundi, yule mpiga picha wetu, wa kwanza mjini kuwa na kompyuta na skana, amefariki na atazikwa kwao Kasoli. Nyanya nilizirudisha, nikaketi juu ya kreti la soda, nikalia. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka muuzaji akaniuliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani.

Enzi zile serikali ilikuwa imefungua biashara, kila kitu kinaingia kutoka nje bila mtu wa kukieleza. Kipimo cha rangi kiliitwa biti: skana yenyewe iliandikwa nane, boksi lake ishirini na nne, na tangazo likasema rangi milioni kumi na sita. Fundi akatoa nane kwenye ishirini na nne, akajiona ametapeliwa, akamwandikia muuza mashine wa Mwanza: "Biti zangu kumi na sita zimebaki kwenu, naomba mzipakie kwenye basi la kesho." Akajibiwa ni kitu kilekile: nane za nyekundu, nane za kijani, nane za bluu. Basi akawa mwalimu wa mji. "Nane ni ishirini na nne," alituambia, "msibishane na utaalamu."

Utaalamu huo nusura unikoseshe mume. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa Lingeka, kwa mchumba wangu, na karantini ya mifugo ilizuia kuwatoa. Baba yangu, mfugaji wa Nkololo, hapokei ng'ombe asiyemjua rangi, tukakubaliana aletewe picha. Fundi akaenda mwenyewe Lingeka, akapiga, akaziingiza kwenye skana ili azichapishe kubwa. Wakati wa kuhifadhi, kompyuta ikauliza: nane au ishirini na nne? Akachagua nane, si kilekile? Kumbe hapo nane ilikuwa ya picha nzima, rangi mia mbili hamsini na sita tu. Ng'ombe wakatoka na mabaka ya kijani.

Wazee walipokezana zile picha asubuhi nzima. Mmoja akasema ni ukoga wa bwawani. Mwingine akawasifu: ng'ombe wa hivyo wakiingia majanini, mwizi atawaonea wapi? Baba hakucheka. "Kijana huyu ana ng'ombe wagonjwa, au amerogwa. Binti yangu haendi." Mimi nilisikia yote nyuma ya mlango.

Fundi akaitwa. Angeweza kusingizia wino. Wateja wake wa harusi walikuwa wamejaa pale. Akapiga magoti, mwanamume mzima, akaanza kwa salamu ya heshima ya Kisukuma. "Mwadila, baba. Ng'ombe ni wazima. Asiyejua ni mimi. Nimewafundisha watu kitu nisichokielewa." Kisha akamtajia ng'ombe mmoja mmoja, wote kumi na wawili, kwa majina ya rangi zao ya Kisukuma, kama alivyowaona kwa macho yake. Baba alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Hao nawapokea."

Mji ulimbatiza Fundi Kijani, na wengi wakahamia studio nyingine. Mimi niliolewa. Tangu hapo nimekutana na wataalamu wengi, wa kompyuta, wa pamba, wa mikopo, kila mmoja na nambari zake za kunijaza kichwa. Bado namngoja wa pili atakayekiri mbele ya wateja wake kwamba hajui, ili binti wa mtu mwingine aolewe.