Tulivyoweka ng'ombe wangu kwenye mashine ya kamari, Iguguno, miaka ya ruksa

Wakuu, naona humu ndivyo mnavyosalimiana, nami nawasalimu hivyo. Wadogo, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Naandika polepole, shule yangu ni kisomo cha watu wazima tu. Lakini majina sisahau, na haya niliyaona mwenyewe.

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, mama Neema. Yona, mume wangu. Tabitha, dada yake Yona, yaani wifi yangu, nyumba yake ukuta kwa ukuta na yetu. Athumani, mfanyabiashara wa Singida mjini, mwenye zizi la ng'ombe kule Mwankoko. Na Zuhura, mke wa Athumani.

Nimesoma hapa kijana anauliza auze shamba anunue mashine za kamari, au aweke hela kwenye kampuni za kubeti kwa simu, kwamba ndiko uwekezaji unakokwenda siku hizi.

Mjukuu wangu, sisi tulishakwenda huko.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yameanza kujaa sabuni na mitumba, kila mtu anatafuta biashara. Athumani alikuwa akija Iguguno kununua alizeti. Siku moja akashusha kwenye lori mashine ya chuma, isiyotumia umeme. Unatia sarafu, unavuta mkono wa pembeni, picha za matunda zinazunguka. Zikilingana, inakutapikia sarafu.

"Mzee Yona," akasema, "alizeti inangoja mvua. Hii haingoji. Mjini wenye akili wanawekeza huku."

Yona hakuwa na fedha. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wangu mimi, nilipewa na kaka yangu Zakaria nilipomzaa Neema.

Wakapatana kama sisi tunavyowekeana ng'ombe. Kwetu unamweka ng'ombe wako kwa mwenzio, yeye anakamua, ng'ombe anabaki wako. Basi ng'ombe aende Mwankoko, Athumani anywe maziwa. Mashine ikae barazani kwetu, mapato nusu kwa nusu, na maziwa ya Neema tutanunua. Mmoja akichoka, kila kitu kinarudi kwao. Karatasi hakuna.

Tabitha akaizunguka ile mashine. "Kaka, huyu anakula kama ng'ombe, na samadi hatoi."

Sitadanganya, baraza ile ilinoga. Siku ya mnada wanawake wanatua mizigo yao pale, wazee wanabishana itatoka ndizi au limau, mtu akishinda anacheka mpaka anakaa chini. Mpaka leo nikisikia sarafu zinaanguka kwenye bati nawaona wote.

Sasa kosa letu.

Kwetu anayekamua hamwachi jirani mwenye mtoto arudi na kibuyu kitupu. Yona naye akaifanya mashine vilevile. Mnada ukivunjika anafungua sanduku, anawaita walioliwa, anawarudishia.

"Baba Neema, hiyo ni kamari," namwambia.

"Najua. Lakini yule ni shemeji yake Tabitha. Na huyu kesho tunalima naye."

Aliyeshinda akaondoka na chake, aliyeliwa akarudishiwa chake. Watu walicheza bila woga, wakuu. Sanduku likabaki tupu, na Neema akawa anakunywa uji mtupu.

Athumani alipokuja kuchukua nusu yake akachungulia ndani ya sanduku.

"Mzee Yona, nilikuletea biashara, wewe umefungua harusi."

Akasema ng'ombe ndiyo fidia yake, tusimuulize tena. Akapanda lori akaondoka.

Kesho yake mimi na Tabitha tukadandia gari mpaka mjini, tukatembea hadi Mwankoko. Zuhura tukamkuta anamkamua ng'ombe wangu. Akatukaribisha, akatusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza. Kisha akamwita mumewe.

"Mashine yako iko wapi?"

"Kwao."

"Nzima?"

"Nzima."

"Na ng'ombe wao huyu hapa, mzima. Unabisha nini, baba Shabani?"

"Na faida yangu je?"

"Umeinywa. Mimi ndiye niliyekuwa nakuchemshia."

Tabitha akageuka upande asionekane anacheka. Athumani akaenda mwenyewe kuleta kamba.

Tulimswaga ng'ombe kwa miguu, tukalala njiani kwa watu wa kanisa la Tabitha, tukafika. Jioni hiyo Neema alikunywa mpaka akasinzia na kikombe mkononi.

Lori likaja kuchukua mashine. Kabla haijapakiwa, Daudi fundi baiskeli akaomba avute mara moja tu, ya kuagana. Akaliwa. Sanduku lilikuwa limeshafungwa, basi Yona akatia mkono kwenye mfuko wa suruali yake akamrudishia.

Kijana, nilichojifunza ni hiki. Mashine ile inampa faida mtu asiyewajua wanaoliwa. Sisi tulijuana mno, biashara ikatushinda. Hizo za kwenye simu hazimjui mtu, ndiyo maana zinatajirika. Shamba usiuze.

Semeni na nyie mlionayo, nasoma yote, hata ya kunipinga.

Na kama humu yupo wa Iguguno wa miaka ile, anisahihishe nilipokosea. Hasa huyo wa mwisho kuvuta. Mimi nasema alikuwa Daudi, Tabitha alikuwa akisema ni mdogo wake Daudi, Ezekieli. Yona angejua, lakini sinaye tena wa kumuuliza.