Mwonjaji wa Mwezi wa Mfungo

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kazini kwetu aliniomba nimtembeze sehemu za zamani za Eastlands. Anajua kwamba nimezisoma kwa miaka mingi, bila mwalimu, kwa vitabu vya maktaba na kwa kuwauliza wazee. Tulianzia Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli nilikozaliwa. Tukapita Kaloleni na nyumba zake za mawe zenye paa za vigae, tukavuka Barabara ya Jogoo, tukateremka Shauri Moyo hadi Pumwani, tukasimama mbele ya ukumbi wa zamani. Nikamweleza jinsi mitaa hiyo ilivyopimwa, nani aliruhusiwa kujenga na kwa vifaa gani. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akauliza, "Na hapa karibu mtu anaweza kupata mkate mzuri wa kujazwa? Si wa supamaketi. Wa hapa."

Kabla sijamjibu akaongeza, "Ama haupo?"

Ulikuwepo. Wewe uliyekulia pande zile huenda uliula, hata kama hukujua jina lake. Ulikuwa mkate mdogo wa mviringo, ambao watu wa Majengo, pale pale Pumwani, waliuita boflo, uliopasuliwa ubavuni na kujazwa viazi vya kuponda vyenye bizari, kitunguu na dania. Juu ya viazi ilipangwa nusu ya yai la kuchemsha, kisha kachumbari, kisha kijiko cha maji mazito ya ukwaju. Ulifungwa kwa gazeti, na kufikia kona ya pili gazeti lilikuwa limeloa, ukasoma habari za juzi kupitia mafuta. Aliyeuuza alikuwa mama mmoja Mwislamu, mnene, mwenye sauti ya chini, aliyepikia kwenye baraza ya nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe yaliyonyooshwa. Sisi watoto tulimwita Mama wa Mkate.

Nilimjua kwa sababu ya nyanya yangu.

Nyanya, mama yake baba, aliletwa kwetu Makongeni kutoka magharibi ili atibiwe presha. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Daktari alimpa vidonge na kumkataza chumvi kabisa. Mama akaamua kwamba nyumba nzima ile bila chumvi, ili nyanya asijione ametengwa kwenye meza ya mwanawe. Tulikula sukuma wiki isiyo na chumvi, maharagwe yasiyo na chumvi, hata mayai. Baada ya majuma machache sisi tulizoea. Nyanya hakuzoea. Alisukuma sahani na kusema, "Hiki ni chakula cha kumpa mtu ambaye mmeshamchimbia kaburi." Kufikia Desemba mikono yake ilikuwa imekonda hata bangili yake ya shaba ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko.

Jambo alilolitaka lilikuwa moja: kurudi nyumbani akiwa hai. Aliwahi kuona majirani zetu wakichangisha fedha za kukodisha basi la kusafirisha maiti, na jeneza likifungwa kamba juu ya paa. "Mimi sitafungwa juu ya basi kama godoro," alimwambia baba. "Nilikuja kwa miguu yangu. Nitarudi kwa miguu yangu."

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, na kila mwaka alipewa cheti cha kusafirisha jamaa zake kwa treni. Cha mwaka ule kilikuwa kinaisha mwishoni mwa Januari. Lakini safari ilikuwa ndefu, hadi Kisumu na kisha kwa ile treni ndogo ya Butere, na mtu asiyeweza kusimama hakuweza kuivumilia. Kwa hiyo baba akaweka sharti. Kutoka mlangoni kwetu hadi mferejini, tulikochota maji, palikuwa na hatua sitini. Nilizihesabu mwenyewe.

"Mama, siku utakapokwenda na kurudi mara tatu bila kushikwa, naenda kuandikisha safari," alisema.

Nyanya alimtazama usoni. "Wewe nilikufundisha kutembea. Leo unanipa mtihani."

Siku ya kwanza alifika hatua ya kumi na nane, akaketi kwenye beseni la jirani lililopinduliwa. Jioni hiyo, akiwa amelala ubavu, alianza kuongea juu ya mkate. Alipoolewa na kuja mjini mara ya kwanza, babu alimpeleka kutembea Pumwani, wakala mkate wenye viazi karibu na ukumbi. Alikumbuka uchachu wake. "Ule ningekula," alisema.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuutafuta. Nilipofika kwenye baraza ya Mama wa Mkate saa nne, jiko lilikuwa baridi na sufuria zimefunikwa kifudifudi.

"Habari yako, mama," nikasema.

"Hapa watoto huanza na shikamoo," akanijibu, bila ukali.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mkate hakuna, mwanangu. Huu ni mwezi wa mfungo, napika alasiri. Rudi kwenu ucheze."

Nikamwambia kwetu ni Makongeni, na nyanya yangu hali chochote. Sikumweleza habari ya chumvi, kwa maana sikuona kwamba ilihusika. Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Wewe ni Mkristo?"

"Ndiyo."

"Na hamjaenda ushago kwa Krismasi?"

"Hatuendi mwaka huu. Nyanya ni mgonjwa."

"Basi keti. Mungu amekuleta."

Sababu yake niliielewa baadaye. Anayefunga hapendi kuonja chakula mchana, na anayepika kwa ajili ya kuuza hawezi kubahatisha chumvi. Majengo ya wakati ule ilikuwa na njia yake: kila mpishi alikuwa na mtoto wa jirani Mkristo wa kumwonjea. Lakini mwaka ule Ramadhani ilianguka Desemba, na waonjaji wote walikuwa wamepanda magari kwenda mashambani kula Krismasi.

Nilimuuliza kwa nini asionje kwa ncha ya ulimi kisha ateme. "Mashehe wanasema si vibaya," alisema. "Lakini ulimi wangu naujua. Ukishaonja hautatema."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Alasiri, viazi vilipopondwa, alinipa kijiko cha mti. Nikaonja. "Chumvi imetosha?" Nikasema imetosha. Ilikuwa nyingi hata, kwa ulimi wangu. Malipo yangu yalikuwa mkate mmoja wa kwanza, kabla ya wanunuzi. Nilitembea nao upesi hadi Makongeni, dakika arobaini, nikiukumbatia usipoe.

Nyanya alikula nusu. Alitafuna taratibu, amefumba macho. "Huu si ule," akasema. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitambaa cha sahani. Hakumzuia, kwa sababu nyanya alikuwa amenyoosha mkono kuchukua nusu ya pili.

Hivyo ikaendelea kwa siku tatu. Vijana wa kichochoro cha Mama wa Mkate walinizoea, wakanipa jina. "Niaje, Mwonjaji? Leo umemaliza sufuria ngapi?" Mmoja alikuwa akijifanya kuanguka ukutani kwa njaa kila nilipopita. Niliwachukia na kuwafurahia kwa wakati mmoja.

Siku ya nne nilimkuta Mama wa Mkate hapiki. Alikuwa ameketi mbele ya mfuko wa chumvi, anauchunguza. Wachukuzi wa soko la Gikomba, wanunuzi wake wakubwa, walikuwa wamemlalamikia. Mmoja alimwambia mbele ya watu, "Mama, siku hizi unapikia wadi ya wagonjwa?" Wengine wawili hawakurudi. Alidhani aliyemuuzia chumvi ameichanganya na kitu. Kisha akaniangalia mimi.

"Kwenu mnakula chumvi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba nikisema kweli nitafukuzwa, nyanya hatapata mkate, na kama hatakula hatafika mferejini. Siku hiyo asubuhi alikuwa amefika hatua ya arobaini na moja.

"Hapana," nikasema. "Daktari amemkataza nyanya. Sote tumeacha."

Alikunja mdomo wa mfuko wa chumvi. Nilisikia mwadhini akijaribu kipaza sauti msikitini. Hatimaye akasema, "Kwa hiyo nimewalisha watu wazima chakula cha mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe nimemlisha chumvi." Sikujua kama ni hasira au kicheko. Vilikuwa vyote viwili, nadhani.

Hakunifukuza. Alichukua kiazi kimoja, akakiponda kwenye kisahani, akatia chumvi kwa vidole vitatu, akanipa. Kiliniuma ulimini. "Hii ndiyo alama ya mchukuzi," akasema. "Amebeba magunia tangu asubuhi, jasho limemtoka. Usionje kwa ulimi wako. Onja kwa ulimi wake." Kila siku tangu hapo alinipa kwanza kisahani kile, nipime alama, ndipo nionje sufuria. Wachukuzi wakarudi.

Halafu akaweka bakuli la pili, dogo, pembeni ya jiko. La nyanya. Hakulitia chumvi hata chembe. Alilitia ndimu, pilipili manga, kitunguu saumu na ukwaju mara mbili. "Mtu aliyenyimwa chumvi," alisema, "umpe kitu kingine cha kugombana nacho." Leo, baada ya kusoma, najua kwamba hata ule mkate wenyewe ulikuwa na chumvi kidogo ya mwokaji. Wakati ule hakuna aliyelifikiria, na sidhani ulimdhuru.

Nilipompelekea mkate wa kwanza wa bakuli lile, nyanya aliula wote bila kupumzika. Alipangusa midomo. "Huu umekaribia," akasema.

Krismasi ikapita, nami siku hiyo pia nilikwenda Majengo kuonja, nikiwa na gauni langu la kanisani. Shule zikafunguliwa, nikawa nakwenda baada ya masomo, sare yangu ikinuka bizari. Bangili ya nyanya ilishuka tena hadi kwenye kifundo cha mkono. Siku moja katikati ya Januari, wakati wanawake wamepanga foleni na mitungi yao, alikwenda mferejini akarudi, akaenda akarudi, akaenda akarudi. Hakushika ukuta. Majirani walimpisha wakimtazama. Alipofika mlangoni mara ya tatu alimwambia baba, "Kaandikishe."

Aliondoka jioni, siku chache baada ya Idi. Alipanda ngazi za behewa peke yake, akaukataa mkono wa baba, akaketi dirishani na mikate minne mapajani. Mama wa Mkate alikuwa ameifunga kwa majani ya mgomba badala ya gazeti, kwa sababu ya safari. Nyanya aliishi nyumbani kwake hadi msimu wa palizi. Alifariki asubuhi, kwenye kitanda chake, akazikwa mahali alipopaonyesha mwenyewe kwa fimbo.

Ramadhani iliyofuata nilirudi Majengo. Waonjaji wengine walikuwepo, lakini nilitaka kumpa habari. Alisikiliza huku akimenya viazi, akauliza swali moja tu.

"Alifika kwa miguu?"

"Alifika."

"Alhamdulillahi."

Nikamuuliza yeye ushago wao ni wapi. Nilidhani kila mtu anao. Akacheka kwa ile sauti yake ya chini. "Kwetu ni hapa, mwanangu. Mama yangu kazaliwa hapa, kazikwa hapa. Mimi sina treni ya kupanda."

Miaka michache baadaye tulihama Makongeni, na treni ya abiria ya magharibi ikawa inakosekana, mwisho ikakoma. Mahali pa baraza ile sasa pana jengo la ghorofa tano, chini yake duka la mitumba. Nimeulizia pale mara tatu. Wenye duka ni wageni. Mzee wa msikitini aliniuliza ninamtafuta nani, jina lake na la baba yake, nami sikuwa na jina la kumpa. Nina madaftari mawili yaliyojaa habari za mitaa ile, nimeandika unene wa kuta na miti iliyotumika kwenye paa. Yeye nilimwita Mama, kwa adabu, kama nilivyofundishwa, na sikuwahi kuuliza zaidi.

Nyanya yangu alitaka kurudi kwao na akarudi. Mama wa Mkate hakuwa na haja ya kurudi popote, kwa kuwa hakuwahi kutoka. Kwao ndiko kulikomtoka yeye, baraza ikawa ghorofa, na sijui alikwenda wapi.